Je, Wajua? Siri za Injini Inayozunguka Mara 9,000 kwa Dakika

Mwezi Aprili 1999, Honda iliingiza sokoni S2000, gari la michezo la viti viwili, kuadhimisha miaka 50 ya kampuni hiyo. Injini yake, F20C, ilikuwa ya lita 2 na silinda 4, haina turbo, na bado toleo la Japani lilitoa nguvu za farasi 250. Hizo ni 125 kwa kila lita, kiwango ambacho wakati huo hakikuwa kimefikiwa na injini nyingine isiyo na turbo katika magari yanayotengenezwa kwa wingi. Nguvu hizo zote zilitokana na kasi, na kila mzunguko ulioongezwa uligharimu kazi kubwa ya uhandisi. Katika ukurasa huu, tukisema mizunguko tunamaanisha mizunguko ya krenki kwa dakika.

Je, wajua kwamba basi dogo la dizeli huishinda S2000 kwa torki?

Torki ni nguvu ya kuzungusha, ile inayoisokota krenki kila mchanganyiko wa hewa na mafuta unapowaka. Toyota HiAce ya dizeli ya lita 3, ndugu wa zile zinazobeba abiria Dar es Salaam na Nairobi, hutoa torki ya Nm 300, tena ikiwa bado inazunguka polepole. S2000 haivuki Nm 218, na hizo huzipati mpaka ufike mizunguko 7,500. Lakini tukija kwenye nguvu za farasi, HiAce inaishia 140 na ushei, ilhali S2000 inafika 250.

Hapo hakuna miujiza. Nguvu ya injini ni torki mara kasi ya kuzunguka. Chukua Nm, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Injini ya HiAce humaliza kazi yake kwenye mizunguko 3,400 hivi. Ya S2000 wakati huo haijafika hata nusu ya safari.

Je, wajua kwamba torki inaweza kubaki palepale huku nguvu zikikaribia kuongezeka mara tatu?

Tuseme injini inatoa Nm 200 muda wote, bila kupanda wala kushuka. Kwenye mizunguko 3,000 itakupa nguvu za farasi 85. Kwenye 6,000 zitakuwa 171. Kwenye 8,300 utapata 236. Msukumo wa kila mwako ni uleule. Kilichoongezeka ni idadi ya miako katika kila dakika.

Ndiyo maana dereva aliyezoea dizeli akiendesha S2000 kwa mara ya kwanza mjini, akibadilisha gia kwenye mizunguko 3,000, huiona nyepesi isiyo na ajabu. Hajakosea, kwa sababu hapo ametumia theluthi moja tu ya uwezo wake. Uliobaki uko juu, na lazima aufuate huko.

Je, wajua kwamba pistoni husimama mara 300 kila sekunde?

Mizunguko 9,000 kwa dakika ni 150 kwa sekunde. Katika kila mzunguko pistoni hufika juu ikasimama, ikashuka hadi chini ikasimama tena. Njia yake yote ni milimita 84, lakini mwendo wake wa wastani ni mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa. Silinda zote nne kwa pamoja hulipuka mara 300 katika sekunde hiyo hiyo moja.

Mzigo mkubwa hutokea pistoni inapogeuka juu kabisa. Mvuto wake hapo unazidi mara 4,000 ule wa dunia, kwa hiyo kila gramu 100 za pistoni huvuta konrodi kama mzigo unaozidi kilo 400. Tena mzigo huo haupandi sambamba na mizunguko: mizunguko ikiongezeka mara mbili, wenyewe unaongezeka mara nne.

Wahandisi wa Honda walilijibu hilo kwa pistoni za kufuliwa, zilizo imara bila kuwa nzito, na kwa kuzipa kuta za silinda tabaka la aluminiamu lililochanganywa na nyuzi za kaboni. Pia waliifanya silinda iwe pana kuliko urefu wa njia ya pistoni: kipenyo milimita 87, njia milimita 84. Njia ikiwa fupi, pistoni hukimbia polepole zaidi kwa mizunguko ileile, na silinda pana hutoa nafasi ya vali kubwa.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa injini ya kasi ni hewa kukosa muda?

Kwenye mizunguko 900, krenki huchukua karibu milisekunde 67 kuzunguka mara moja. Kwenye 9,000 inachukua chini ya milisekunde 7, na ndani ya kipande cha muda huo vali ifunguke, silinda ijae, vali ifungwe. Hewa ina uzito wake. Haianzi kukimbia papo hapo wala haisimami papo hapo. Dawa ni kuifungua vali mapema, kuinyanyua sana na kuchelewa kuifunga, ili hewa iliyokwisha kushika kasi iendelee kujisukuma ndani hata baada ya pistoni kuanza kupanda.

Shida ni kwamba dawa hiyo huidhuru injini ikiwa chini. Hewa ikienda polepole, kuchelewa kufunga vali huirudisha ilikotoka, na injini hubaki dhaifu na kutikisika.

Jibu la Honda lilikuwa VTEC, mfumo uliotoka mara ya kwanza mwaka 1989 katika Integra ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 160. Kwa kila jozi ya vali kuna nundu tatu za kamshafti na roka tatu, yaani mikono inayosukuma vali. Injini ikiwa chini, nundu mbili za pembeni ndizo zinazofanya kazi, na ile ya katikati, iliyo ndefu zaidi, huisukuma roka yake bure tu. Katika S2000, karibu na mizunguko 6,000, kompyuta hufungua njia ya oili. Shinikizo la oili husukuma pini ndogo zinazoziunganisha roka tatu kuwa kitu kimoja, na kuanzia hapo nundu ndefu ndiyo inayotawala. Sauti ya injini hubadilika papo hapo, na dereva huhisi kifua cha gari kikifunguka.

Je, wajua kwamba gia za S2000 zilipangwa ili injini isishuke kutoka eneo lake la nguvu?

Gari hili lina gia sita zilizokaribiana. Ukiivuta gia ya pili hadi 9,000 kisha ukaingiza ya tatu, injini inaangukia mizunguko 6,500 hivi, bado juu ya mahali VTEC inapofunguka. Kutoka ya tatu kwenda ya nne unaangukia 7,000 na kidogo, na kutoka ya nne kwenda ya tano unaangukia 7,500, palepale penye torki ya juu kabisa.

Gia zina kazi nyingine pia. Kwa kuwa injini inaweza kuzunguka sana, mhandisi ana uhuru wa kutumia gia nzito ambazo huzidisha torki kabla haijafika kwenye magurudumu. Nm chache zinazotoka kwenye injini hufika barabarani zikiwa nyingi.

Je, wajua kwamba Honda ilianza mapenzi haya na injini ndogo sana?

Gari lake la pili la michezo, S600 la mwaka 1964, lilikuwa na injini ya cc 606 tu, lakini lilitoa nguvu za farasi 57 kwenye mizunguko 8,500. Mwaka 1966 pikipiki yake ya mashindano, RC166 ya cc 250, ilizunguka hadi 18,000 na kumpa Mike Hailwood ubingwa wa dunia. Ilikuwa na silinda sita, kila moja ikiwa na cc 41 hivi. Kuigawa injini katika vyumba vidogo kulifanya kila pistoni iwe nyepesi na njia yake fupi, na hivyo mizunguko ikapanda. S2000 ilizaliwa katika ukoo huo.

Je, wajua kwamba kuna injini iliyoishinda mbio mishale ya dashibodi?

Lexus LFA, iliyotengenezwa magari 500 tu kati ya 2010 na 2012, ilikuwa na injini ya V10 ya lita 4.8 iliyoundwa kwa ushirikiano na Yamaha. Ingeweza kuruka kutoka silensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, hadi mizunguko 9,000 kwa sekunde 0.6. Mshale wa kawaida usingeweza kuifuata, basi wahandisi wakaweka kipimo cha skrini. Wepesi huo wa kupanda ni fahari ya injini zisizo na turbo: hazina cha kusubiri, ukikanyaga zinaitika.

Je, wajua kwamba Honda yenyewe ilipunguza mizunguko ya S2000?

Mwaka 1999 madereva wa Marekani walipata injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 240. Kwa gari la mwaka 2004, Honda ilirefusha njia ya pistoni kutoka milimita 84 hadi 90.7, na injini ikawa lita 2.2. Njia ikirefuka, pistoni hukimbia zaidi kwa mizunguko ileile, kwa hiyo mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko, ulishushwa hadi 8,000. Nguvu za farasi zilibaki 240, ila torki iliongezeka na ikaanza kupatikana chini zaidi, kwenye 6,500 badala ya 7,500. Anayekwenda kazini kila siku alinufaika. Wapenzi wa ile ya kwanza bado wanailinda kwa wivu, nami naungana nao, kwa sababu ile mizunguko 1,000 ya mwisho ndiyo iliyoitofautisha na magari mengine yote.

Je, wajua kwamba kuna kosa moja ambalo kompyuta ya injini haiwezi kulizuia?

Ukikanyaga mafuta kupita mstari mwekundu, kompyuta hukata petroli na injini hubaki salama. Lakini tuseme uko gia ya tatu kwenye 9,000, unataka ya nne, mkono ukateleza ukaingiza ya pili. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hesabu ya gia inaipeleka hadi mizunguko zaidi ya 12,000. Springi hushindwa kuzirudisha vali kwa wakati, na vali zinaweza kugongana na pistoni.

Kwa sababu hiyo, fundi anayeijua S2000 akiletewa iliyotumika hukagua vishikizo vya springi za vali kabla ya kusifia rangi na magurudumu. Mwenye gari naye ana desturi mbili za kushika: aache oili ipate moto kwanza ndipo apande juu, na kila badiliko la gia alifanye kwa mkono uliotulia.