Majibu Yametoka, Mbona Unalia?

Mwaka wa pili sasa tangu mfunge ndoa. Mama mkwe kila akipiga simu lazima amalizie na "haya, tunasubiri mjukuu", na wifi akija nyumbani macho yake yanatua tumboni kwako kabla hata hajakusalimia. Umejikaza, umekwenda hospitali, umetolewa damu. Leo umekabidhiwa karatasi ya majibu, ila daktari utamwona wiki ijayo. Ndani ya daladala uzalendo unakushinda, unaifungua. Mbele ya neno projestroni kuna herufi L. Machozi yanakutoka mpaka kituo chako kinakupita.

Pole mwenzangu. Hebu futa machozi kwanza, tuisome hiyo karatasi pamoja. Maana kuna akina dada wanaojiita tasa kwa sababu ya namba tu, tena namba iliyopimwa siku isiyo yake!

Hiyo H na L ni nini?

Kila mstari una vitu vitatu: namba yako, kipimo kilichotumika, na kiwango cha kawaida cha maabara ile. H maana yake umezidi kiwango, L maana yake uko chini yake. Basi.

Sasa, kwa vipimo vingi kiwango hicho hupatikana kwa kupima watu wenye afya njema, kisha kuchukua asilimia 95 ya katikati. Kwa hiyo mtu 1 kati ya 20 walio wazima kabisa ataangukia nje. Ukipimwa vitu kumi na tano kwa siku moja, kimoja kutoka na H au L si ajabu.

Angalia pia kipimo. Maabara moja inaandika projestroni kwa ng/ml, nyingine kwa nmol/L. Namba 10 ya kule ni sawa na karibu 32 ya huku. Usije ukalia eti homoni imeporomoka kutoka 32 hadi 10, kumbe umebadilisha maabara tu!

Siku ndiyo yenye siri

Projestroni hupanda baada ya yai kutoka, ndiyo maana hutumika kujua kama yai limetoka kweli. Inatakiwa ipimwe kama siku 7 kabla ya hedhi ijayo. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, hiyo ni siku ya 21. Lakini wewe unayeona siku zako kila baada ya siku 35, siku yako ni ya 28. Ukipimwa ya 21, yai ndiyo kwanza linatoka, na lazima projestroni ionekane chini. Hiyo L ya kwenye daladala inaweza kuwa ni kalenda tu.

Homoni za FSH na LH kwa kawaida hupimwa siku ya 2 hadi ya 5. Siku ya 1 ni ile damu inapoanza kutoka kama damu, matone ya jana yake hayahesabiwi.

Prolaktini, ile homoni ya maziwa, nayo ina vituko vyake. Hupanda ukiwa umetoka usingizini, ukiwa na wasiwasi, hata kwa baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili. Ikitoka juu kidogo, mara nyingi daktari atataka irudiwe asubuhi, saa chache baada ya kuamka, ukiwa umetulia.

TSH ni ya tezi ya shingoni, na inasomwa kinyumenyume: ikiwa juu sana, ina maana tezi yenyewe inafanya kazi kivivu. Hilo linaweza kuvuruga hedhi na kuchelewesha mimba, na lina dawa.

Usiruke mstari wa wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya 12 ni upungufu. Bora uutibu sasa kuliko uingie nao kwenye ujauzito.

"Damu zenu haziendani"

Jamani, kauli hii imevunja nyumba za watu! Kundi la damu, liwe A, B, AB au O, halimzuii mtu kushika mimba. Wote mkiwa O, wala hakuna tatizo.

Yapo mawili ya kuangalia. La kwanza ni Rh. Ukiwa hasi na mwenzio chanya, mimba itaingia kama kawaida, ila mwambie daktari mapema. Ipo sindano ya kukinga mimba zinazofuata. La pili ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo. Karatasi zenu zote mbili zikisoma AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa SS. Ni heri kulijua hilo sasa, mkae na daktari mkapange.

Na baba mwenye nyumba je?

Hapa ndipo penye kazi. Mwanamke anatobolewa mkono mara tatu, mume hajapimwa hata mara moja, "mimi niko fiti bwana". Nguvu za kitandani na wingi wa mbegu ni vitu viwili tofauti. Kipimo cha mbegu hakina sindano, na kikitoka vibaya mara nyingi hurudiwa, kwa kuwa mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa. Homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo.

Tena ujue, damu haioni kila kitu. Mirija iliyoziba, ambayo mara nyingi huletwa na maambukizi ya zamani, haionekani kwenye damu. Hiyo ina picha yake ya eksirei.

Siku ya daktari

Andika tarehe ulipoanza hedhi na tarehe uliyotolewa damu. Muulize: ilikuwa siku sahihi? Irudiwe? Mume wangu aje lini? Na usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kupevusha mayai eti shosti wako vilimsaidia. Vinatakiwa viangaliwe na daktari, na pacha watatu si mchezo!

Kama uko chini ya miaka 35, mwaka mzima wa kujaribu bila kinga ndio hufanya mtu aanze vipimo. Ukifika 35, miezi sita inatosha. Kama hedhi yako haieleweki, nenda hata leo.

Na hiyo karatasi? Ikunje, iweke kwenye pochi. Usiku, mama mkwe akishapiga simu yake, kaa na mumeo, mfungulie, mhesabu siku pamoja. Kisha wiki ijayo, mshike mkono mwende wote wawili.