Mtoto Hapakatwi Garini

Likizo za shule zifikapo, familia nyingi za Dar es Salaam hufunga safari kwenda Rufiji kuwaona wazee. Zamani safari hiyo ilikuwa ya taabu: barabara mbovu, na pale Ndundu watu wakisubiri pantoni. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami kuenea, mwendo umekuwa mwepesi. Mbagala, Mkuranga, Bungu hadi Kibiti ni asubuhi moja tu. Lakini wepesi huo umeleta kasi, na ndani ya magari tumebaki na desturi zile zile za enzi za mashimo: mama hukaa mbele, mtoto mapajani.

Desturi hiyo imeletwa na mapenzi. Mzazi huamini kwamba hapana mahali salama kupita mikono yake. Basi na tulipime jambo lenyewe kwa vipimo tuvijuavyo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, likagonga mti na kusimama ghafla, asiyefungwa mkanda huendelea mbele kwa mwendo ule ule, na kishindo chake ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Kwa kilomita 80, mnazi huo ni wa mita 25. Mtoto wa kilo 8 huvuta, kwa nukta hiyo, kama kitu cha zaidi ya kilo 100, yaani gunia zima la mpunga. Nani awezaye kulidaka gunia lililorushwa? Tena mama asipojifunga, mwili wake mwenyewe ndio utakaombana mwanawe kwenye dashibodi. Wako pia wanaozungusha mkanda mmoja kwa wote wawili. Hao humbana mtoto vivyo hivyo.

Mkanda wa ncha tatu tuutumiao leo ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo huko Sweden, nao umekusudiwa mifupa ya mtu mzima. Sehemu ya chini hulala juu ya nyonga, si tumboni; mjamzito huipitisha chini ya tumbo. Sehemu ya juu hupita begani na kifuani. Kwa mtoto mdogo mkanda huo hukwea shingoni, ndiyo sababu anahitaji kiti chake. Mchanga huelekezwa nyuma ya gari, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo ni laini. Mgongo wa kiti humpokea mwili mzima. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba Tanzania haikuwa na sheria ya viti vya watoto. Mzazi asingoje askari.

Kweli, viti hivyo ni ghali. Anayepewa kilichotumika aulize kwanza kama kiliwahi kupata ajali. Kama ndivyo, akikatae. Asiye nacho, na mtoto keshakuwa wa kukaa mwenyewe, amkalishe nyuma na kumfunga mkanda wake peke yake. Magari mengi yatokayo Japani yana mikanda ya nyuma, ila fundi wa makava huifukia chini ya viti. Ifukuliwe! Ndani ya basi, mama mwenye mchanga ajifunge yeye kwanza, mtoto akae nje ya mkanda, na wasikae siti za mbele. Si kinga kamili, lakini ni nafuu.

Waendao delta au Mafia huiacha barabara kuu pale Bungu, wakashika njia ya Nyamisati. Huko mkanda hugeuka kuwa jaketi la kuokolea. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto majini, basi ombeni la kimo chake. Mkiwa bado gatini, mvisheni, mlifunge, kisha mlivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, rudisheni mpewe dogo zaidi.