Kutengeneza, Kufufua, Kurejesha: Istilahi za Pikipiki Kuukuu

Mtu anunuaye pikipiki mpya dukani hahitaji maneno mengi: bei imeandikwa, kijitabu cha maelezo kimo, na dhamana ya muda fulani ipo. Mambo hayawi hivyo kwa mtu anunuaye pikipiki kuukuu kwa nia ya kuirejesha katika hali yake ya awali, au kuigeuza iwe ya namna aipendayo mwenyewe. Huyu hutegemea maneno ya muuzaji, ya dalali, ya fundi, na mwishowe ya hati ya mauziano. Neno likiwa na maana mbili, hasara humwangukia yeye. Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya maneno hayo, kama yanavyosikika katika gereji na vijiwe vya pwani kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, na kupendekeza yapi yafaa kutumiwa na watafsiri, walimu na watumishi wa serikali.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lastahili kurasa za jarida la lugha. Lastahili, kwa sababu mbili. Kwanza, pikipiki ni nyingi. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziziruhusu kubeba abiria kwa malipo, zimeenea hata vijijini, na kila mwaka nyingine huzeeka na kuuzwa. Pamoja na hizo zipo za rika la zamani zaidi, kama vile Yamaha DT 125 na Honda XL 125, ambazo idara na miradi ilizitumia kwa kazi za ugani na afya, kisha zikaishia mnadani au chini ya miembe ya watu. Pili, Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Zamani shauri la namna hii lilisikilizwa kwa Kiswahili katika Mahakama ya Mwanzo, lakini kumbukumbu za ngazi za juu zikaandikwa kwa Kiingereza. Sasa neno lililoandikwa na muuzaji kwenye karatasi laweza kupanda ngazi zote likiwa neno lile lile, na hakimu atalipima kama lilivyo.

Tuanze na umri. Maneno tunayo ya kutosha, ila twayachanganya. Kitu kuukuu ni kile kilichokwisha kutumika kwa muda mrefu. Neno hili halisemi kama kinafanya kazi au hakifanyi. Kitu chakavu kimeisha kwa kutumika. Kitu kibovu kina hitilafu, hata kikiwa kimetoka dukani jana. Kikongwe kina umri wenye heshima ndani yake, kama tusemavyo Mji Mkongwe. Mkweche ni neno la mzaha, na mahali pake ni kijiweni wala si katika hati. Kwa hiyo pikipiki yaweza kuwa kongwe bila kuwa chakavu, na yaweza kuwa mbovu bila kuwa kuukuu. Hata hivyo matangazo ya mnada hupenda kuzikusanya zote chini ya neno moja, chakavu. Ofisa anayeita chakavu pikipiki ambayo ubovu wake ni kabureta iliyoziba hupunguza bei ya mali ya umma kwa kalamu yake mwenyewe.

Neno lenye hatari zaidi ni dogo: nzima. Mnunuzi huuliza, "Fundi, hii nzima?" Naye fundi hujibu, "Nzima kabisa, kaka, inataka kuguswa tu." Wote wawili wamesema kweli, na hawakuelewana. Kwa Kiswahili kitu kizima ni kile kisicho na ubovu, lakini pia ni kile ambacho hakikupungukiwa na sehemu yake, kama mkate mzima. Fundi alimaanisha kwamba madigadi zote mbili zipo, taa ipo, tangi lipo. Mnunuzi alisikia kwamba injini haina tatizo. Kwa mtu anayetaka kurejesha pikipiki, ile maana ya pili ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa injini iliyokufa hutengenezwa, lakini kifuniko cha pembeni cha pikipiki ya miaka 40 iliyopita chaweza kutafutwa Kariakoo na Gerezani mwaka mzima kisipatikane. Pendekezo letu ni kwamba katika maandishi neno nzima liachwe, na badala yake patumike kamili kwa pikipiki isiyopungukiwa na kitu, na inayofanya kazi au inayotembea kwa ile isiyo na ubovu.

Gereji, kwa upande wake, zina misemo ambayo hatuna sababu ya kuitafutia mbadala. Pikipiki imelala ni ile iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa. Injini haijafunguliwa ni injini ambayo haijawahi kuguswa ndani na fundi. Hii ni sifa, na wauzaji huitaja kwa sauti. Injini imenoki ni ile ambayo sehemu zake za ndani zimeharibika hata ikagonga au kukwama. Inamisi ikiwa cheche au mafuta hayafiki sawasawa na mwendo wake unakatika. Kunoki na kumisi ni vitenzi vya kukopa, lakini vimekwisha kupata viambishi vyetu na vinanyambulika bila shida. Aliyependekeza tuviondoe angetupa kazi isiyo na faida.

Sasa tufike kwenye shina la jambo. Kazi inayofanywa juu ya pikipiki kuukuu huitwa kwa kawaida kutengeneza au kukarabati, na maneno hayo mawili hubeba mizigo mitano tofauti. Yafaa tuigawe.

Kutengeneza kubaki kuondoa hitilafu: plagi imekufa, imebadilishwa, safari inaendelea. Kukarabati kuwe kazi pana ya kukirudishia chombo uwezo wa kutumika, bila kujali kama kitafanana na kilivyokuwa. Kufufua ni kuiwasha tena pikipiki iliyolala au iliyokufa. Fundi aliyeifanya iwake ameifufua, hata kama haina siti. Kurejesha ndilo neno tunalolipendekeza kwa kazi ya kuirudisha pikipiki katika hali iliyotoka nayo kiwandani: rangi yake, vipuri vyake, hata skrubu zake. Mwenye kazi hiyo ni mrejeshaji, na kazi yenyewe ni urejeshaji. Na kugeuza ni kuibadili umbo kwa matakwa ya mwenyewe: kukata fremu, kushusha usukani, kuweka tangi la pikipiki nyingine. Vijana wa Dar es Salaam husema kumodifai. Sioni neno hilo lina nini ambacho kugeuza hakina.

Tofauti baina ya kukarabati na kurejesha si ngeni Bagamoyo, mji wenye Ngome Kongwe, Caravan Serai, na magofu ya Kaole kusini yake. Wahifadhi wa majengo ya kale wameizoea kwa muda mrefu. Hati ya Venice ya mwaka 1964, ambayo wahifadhi wa nchi nyingi huifuata, inataka urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza. Kanuni hiyo yaifaa pikipiki vile vile. Asiyejua rangi ya awali ya tangi, akalipaka nyekundu kwa sababu nyekundu inapendeza, amefanya kazi nzuri pengine, lakini sehemu hiyo hakuirejesha. Ameikarabati.

Lipo neno jingine ambalo waandishi wamelisahau: kunakshi. Waendesha bodaboda huzipamba pikipiki zao kwa maandishi, vishada na taa za rangi. Hawageuzi umbo wala hawarejeshi kitu. Wananakshi, kama fundi anavyounakshi mlango. Nakshi huondolewa na pikipiki ikabaki ile ile. Fremu iliyokatwa hairudi, na hapo ndipo mpaka wa kugeuza na kunakshi ulipo.

Vipuri vinataka maelezo marefu kidogo. Mwaka 1976 Honda walianza kuuza aina ya CG 125, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na huduma ni haba. Valvu zake husukumwa kwa fito, wala si kwa kemshafti ya juu inayozungushwa na cheni, na kwa sababu hiyo injini huvumilia uzembe mwingi. Viwanda vya China viliiga injini hiyo, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa katika barabara zetu ni wajukuu wake. Matokeo yake ni kwamba vipuri vya pikipiki mpya ya Kichina vyaweza kuingia katika Honda kongwe, na fundi husema kwa furaha kwamba "imekubali". Imekubali, ndiyo, je, imerejeshwa?

Neno la mtaani ni orijino, nalo halitoshi, kwa kuwa huchanganya mambo mawili. Kipuri cha asili kiwe kile kilichotoka na pikipiki hiyo hiyo kiwandani. Kipuri halisi kiwe kilichotengenezwa na kampuni ile ile, hata kama kimenunuliwa leo. Kipuri mbadala ni cha kampuni nyingine, kinauzwa kwa jina lake mwenyewe, na hakina hila. Kipuri bandia hujifanya halisi. Hiki ndicho feki. Na pale ambapo vipuri vya asili vimetolewa kwa siri vikatiwa vilivyo hafifu, tunalo neno zuri, kuchakachua, lililoenea kwa habari za petroli kuchanganywa na mafuta ya taa. Pikipiki iliyochakachuliwa hutofautiana na iliyogeuzwa: aliyegeuza hujivunia kazi yake, aliyechakachua huificha.

Kuhusu kadi ya usajili, hapana budi kuwa waangalifu zaidi. Kadi itolewayo na Mamlaka ya Mapato Tanzania huonyesha, miongoni mwa mambo mengine, namba ya chesesi, namba ya injini na rangi. Mrejeshaji anayeweka injini ya Kichina, au mgeuzaji anayebadili rangi, asipoarifu msajili hubaki na chombo kisichokubaliana na karatasi zake. Mafundi husema chesesi na fremu kana kwamba ni vitu viwili. Katika pikipiki, namba ya chesesi hupigwa juu ya fremu yenyewe, aghalabu penye shingo ya usukani. Kwa watu wa pwani mfano ulio wazi ni wa jahazi. Fundi hubadili mbao zilizooza, hubadili hata mataruma, na chombo huitwa kwa jina lile lile maadamu mkuku ni ule ule. Fremu ndiyo mkuku wa pikipiki. (Wala si ajabu kwamba sheria zetu huiita pikipiki chombo cha moto, pwani neno chombo lilikuwa la baharini kabla halijapanda barabarani.)

Chumvi ya bahari nayo ina msamiati wake. Pikipiki iliyobeba matenga ya samaki kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam hudondokewa na maji ya chumvi juu ya spoki, madigadi ya nyuma na mikono ya fremu. Mafundi hutofautisha chuma chenye kutu na chuma kilichooza. Cha kwanza husuguliwa kikapakwa rangi. Cha pili kikigongwa kwa mpini wa bisibisi hutoa sauti butu, na dawa yake ni kukata na kuchomelea. Tofauti hii ni sahihi, ni ya Kiswahili, na haikuhitaji kikao chochote. Watafsiri waichukue.

Moshi vile vile husema, lakini husema lugha mbili. Katika injini ya mipigo minne, kama ya Honda XL, moshi wa buluu ni dalili kwamba oili inapanda na kuungua. Katika injini ya mipigo miwili, kama ya Yamaha DT, oili huungua pamoja na petroli kwa kawaida yake, na moshi kiasi si ugonjwa. Mwalimu wa ufundi anayefundisha "moshi wa buluu ni ubovu" bila kutaja mipigo atawafanya wanafunzi wake wafungue injini zisizo na kosa.

Majina mengine ya vipuri twaweza kuyapita haraka, kwa kuwa cheni, klachi, pistoni na shokomzoba hayana utata. Ringi lakini liangaliwe: fundi mmoja hulitumia kwa pete za pistoni, na mwingine kwa duara la chuma la gurudumu. Nashauri la kwanza liwe pete za pistoni na la pili rimu. Silinda ikilika huchongwa, kisha hutiwa pistoni iliyo pana zaidi, kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Silinda iliyofika 1.00 kwa kawaida haina nafasi ya kuchongwa tena, na muuzaji asemaye tu kwamba "imechongwa" hajasema jambo ambalo mnunuzi anataka kulijua.

Kwa maneno hayo, maelezo katika hati ya mauziano yanaweza kuandikwa hivi: "Pikipiki Honda XL 125, kuukuu, kamili isipokuwa mita na endiketa za nyuma. Inawaka lakini haitembei. Klachi ni mbovu. Silinda imechongwa mara moja, pistoni iliyomo ni ya 0.50. Injini si ya asili, na namba yake haikubaliani na kadi. Fremu ina kutu ya juu. Haijaoza wala haijachomelewa. Rangi ya awali haijulikani." Muuzaji atalalamika kwamba maelezo ya namna hii yanamshushia bei, na ni kweli yatamshushia. Lakini mnunuzi ayasomaye hujua, kabla hajahesabu fedha, kwamba pikipiki hii ni ya kugeuza kuliko ya kurejesha, na kwamba safari yake ya kwanza itakuwa kwa msajili.