Tope Linakam, Pangeni Njumu

Msee wa lami huota Julai. Mimi huota Septemba. Julai ni Tour de France, jua kali, mabuda wamedunga kaptula za kubana wakibishana nani atapanda mlima gani na gia gani. Septemba huku Flanders, Ubelgiji, baridi inaanza kuchungulia, mvua inashuka bila kupanga na mtu, alafu Jumamosi moja unapata mkulima amekubali malisho yake yachomekwe vigingi na kuvutwa utepe. Hapo unajua imeanza. Itaenda hivyo hadi Februari, na hiyo miezi yote ukikosa mbio wikendi ni wewe umelala, si kalenda.

Kama hujawai skia hii form, tulia nikupe rada. Saiklokrosi, ama krosi tu, ni mbio za baiki za kuzunguka. Lapu moja ni kati ya kilomita 2.5 na 3.5, na ndani yake wameshona kila aina ya ngori: nyasi, mchanga, mizizi, ngazi, kakilima ka kukukata pumzi, alafu mbao mbili zimesimamishwa katikati ya njia, kimo chake hadi sentimita 40. Unashuka, unainua baiki, unaruka, unapanda tena, unaishia. Mapro wanaume wanapiga kama saa moja. Sisi wa wikendi tunapiga dakika 40 hivi, na hizo zinatosha uone cha mtema kuni. Lapu zitakuwa ngapi? Kabla ya filimbi hakuna mtu anajua. Marefa wanacheki lapu za kwanza zimechukua githaa ngapi, wanapiga hesabu, ndio wanaweka ubao wa lapu zimebaki. Ukiuona huo ubao mara ya kwanza ukiwa umeshachapa, unaeza lia.

Mimi ni mtoi wa Kayole. Sai niko Ghent, mchana mboka ya stoo, jioni tizi. Wabelgiji wakiskia nimetoka Kenya wanaingiza baridi, wanadhani nikishuka tu kwa baiki nitatoka nduki niwaache kwa mataa. Buda, mbio zangu zote nilijifunza nikikimbiza mathree ya mwisho ya kurudi mtaa. Na hata ningekuwa mkali wa kukimbia, haingenisaidia sana. Sheria zinasema angalau asilimia 90 ya njia iwe inaendesheka. Kukimbia ni kidogo. Kile kinakuua ni pale katikati: kutoka kwa kiti hadi chini, na kutoka chini hadi kwa kiti. Hapo ndio wasee wa mapaja makubwa na baiki za bei ya ndae wanaachwa na mathe wa watoto watatu mwenye anajua kazi.

Ndio maana Agosti yangu haikuwi ya kilomita mingi. Naenda kwa ka-uwanja karibu na keja, nalaza magogo mawili kwa nyasi, narudia kitu moja hadi mambuyu wa kutembeza mbwa wananicheki wakidhani nimepagawa. Cheki venye inaenda. Unakam na spidi. Mguu wa kulia unatoka kwa pedeli, unapita juu ya tairi ya nyuma, unaletwa mbele ukiwa bado umesimama na ule wa kushoto. Mkono wa kulia unashika bomba la juu la fremu. Alafu, hatua moja kabla ya gogo, wa kushoto unachomoka, miguu inagusa chini ikiwa tayari inakimbia. Ukichelewesha huo wa kushoto nusu sekunde unalamba lolo, na mbao ikupate kwa mfupa wa goti, pale penye hapana nyama. Inua baiki, hatua, hatua, ishushe mos mos isidunde. Kupanda sasa: usiruke juu kama unapanda punda. Unajitupa mbele, unatua na paja la ndani, unateleza hadi kwa kiti. Hapo katikati ya mapaja mwanaume ako na sababu zake za kupiga tizi kwa makini.

Mtu akifanya hii kitu poa huwezi ona imefanyika. Akifanya vibaya, anasimama, anarukaruka na mguu mmoja akitafuta pedeli, na kila mara sekunde tatu zinaenda. Zidisha hizo sekunde na kila mbao, kila ngazi, kila lapu. Unaeza uza figo ununue fremu ya kaboni na bado usizirudishe.

Sven Nys ndiye aliharibu hii hesabu. Huyu mzee Mbelgiji, bingwa wa dunia 2005 na 2013, alianza na BMX akiwa mtoi, so yeye alikuwa anafika kwa mbao anaziruka na baiki juu kwa juu, hashuki. Umati ulikuwa unashikwa wazimu. Sai vijana kibao wanafanya, na kila krosi utapata fala mmoja wa kategoria yangu anajaribu. Mimi sijaribu. Meno yangu bado nayapenda.

Baiki yenyewe inafanana na ya lami: hendo zimepinda chini, fremu nyepesi. Lakini tairi ni nene kidogo na zina meno. Kwa mbio za kimataifa hazifai kupita milimita 33, na wanapima kabisa. Mtaani, mbio nyingi za ridhaa hata ukikam na baiki ya mlimani wanakuachilia, wanataka tu ulipe, ubandike namba na usiumize mtu. Mtush ziko mob, Wabelgiji wanabadilisha baiki kila wakati wakijiskia. Ukinunua, angalia ndani ya fremu kama imepasuka, geuza pedeli uskie kama beringi zinasaga, alafu doo yenye imebaki weka kwa tairi. Hapo usibanie.

Na upepo! Msee wa lami akiskia umeweka bar moja na nusu anadhani uko na panchari. Hiyo ndio siri ya tope. Tairi laini inajikunja juu ya mzizi, inang'ata nyasi, haidundi. Sheria ya mtaa ni hii: kama kwa lapu nzima hujaskia rimu ikigusa kitu hata mara moja, umejaza sana. Ukiiskia kila kona, rudi uongeze kabla uivunje. Nimeona wasee wakiamka Jumapili kukagua njia na pampu ndogo mkononi, wanatoa upepo kidogo, wanazunguka, wanarudisha, wanazunguka. Hawaongei na mtu. Ni kama wazee wa kuonja pombe.

Tope nimelizoea. Chenye kinanitesa ni mchanga, na mchanga unaanzia na kuishia Koksijde, kule pwani, ndani ya kambi ya ndege za jeshi. Ni vilima vya mchanga mtupu. Ukiingia na woga, tairi ya mbele inazama, unatoka juu ya hendo. Chenye wanafanya wenye wanajua ni kuchagua mfereji mmoja wenye wengine wameshapita, kurudisha kiuno nyuma, kuachilia mikono, kukanyaga bila kusimama. Breki sahau. Baiki itapeperuka kushoto kulia, iachilie ijitafutie. Wabelgiji wamezaliwa na hii kitu kwa damu: mashindano ya dunia ya 2012 yalikuwa hapo Koksijde, na nafasi saba za kwanza za wanaume zote zikaenda kwa Wabelgiji, Niels Albert mbele. Hiyo si mbio, ni harambee ya familia.

Siku hizi lakini mfalme ni jirani. Mathieu van der Poel, Mholanzi, mjukuu wa legendi wa lami Raymond Poulidor, na mbuyu yake Adri alishinda dunia 1996, so usiniambie ati ni tizi peke yake. Mwaka 2025 pale Liévin, Ufaransa, alifikisha taji la saba akakaa bega kwa bega na Mbelgiji Erik De Vlaeminck. Wout van Aert ako na zake tatu mfululizo, 2016 hadi 2018, na bado kuna watu Flanders wanaeza kupigia ngumi juu ya nani mkali kati ya hao wawili. Mimi nikitaka kuzima hiyo bishano nawauliza kuhusu Mholanzi Marianne Vos. Mataji manane ya dunia, la kwanza 2006, la nane 2022. Miaka 16 katikati. Kimya.

Udaku pia uko. 2016, Heusden-Zolder, mashindano ya dunia, marefa walikagua baiki ya Femke Van den Driessche, dem wa miaka 19, wakapata injini imefichwa ndani ya fremu. Akasema baiki ni ya beshte. Akapigwa marufuku ya miaka sita. Tangu hapo, nikipitwa kilimani na mtu bila kuhema, nacheki bomba la fremu yake kwanza.

Krosi yenyewe ilitoka Ufaransa. Story yenye hupigwa sana ni ya mwanajeshi mmoja, Daniel Gousseau, alikuwa anaendesha baiki msituni akifuatana na maofisa wakiwa kwa farasi, akaona hii ni raha, akaita mabeshte. Mwaka 1902 wakafanya mashindano ya kwanza ya taifa. Mapro wa lami wakaona ni njia poa ya kukaa fiti wakati wa baridi, juu ukibeba baiki ukikimbia vidole vya miguu vinapata moto. Octave Lapize alishinda Tour ya 1910 na akasema krosi ilimsaidia. Mashindano ya dunia yalingoja hadi 1950, Paris.

Sasa, chenye nangojea hasa ni laini ya kuanzia. Kupangwa kunafuata pointi za mwaka jana, na mtu kama mimi anapangwa nyuma, na wengine wenye hawakufuzu kitu. Kutoka hapo ni dakika moja ya wazimu: lami fupi, watu hamsini wanataka kona moja yenye inatosha wanne. Mwenye anaingia kona wa kwanza anaona njia. Mwenye anaingia wa arobaini anaona matako. Mtu anaanguka mbele, wote mnasimama, mnashuka, mnatembea kama foleni ya huduma ya gava. Huko mbele wameshaishia.

Lakini hapa ndio krosi inashinda lami mara mia. Kwa lami ukiachwa na kundi, umekwisha: uko peke yako na upepo na mashamba ya viazi, hadi gari ya mwisho ikubebe. Kwa krosi hakuna mtu ako peke yake. Kwa mbio zetu za wikendi, mkali akikupiga lapu unampisha, unaendelea, na nyuma yako kuna msee wa nafasi ya 38 anakutafuta wewe wa 37 kama umekula doo zake. Yeye ndiye mbio yako. Umati hauangalii namba. Mtu ako na bia mkono mmoja, chipsi na mayonezi mkono mwingine, anakupigia kelele ya mshindi ukiwa wa mwisho kabisa. Wale wa mbele wakimada, nawe lapu yako ikiisha umemada. Hakuna aibu.

Mapro wako na baiki mbili tatu, wakipita kwa piti wanabadilisha, fundi anaosha ile chafu na presha kabla warudi. Mimi piti yangu ni beshte na brashi ya vyombo. Na baada ya mbio, tafadhali, usielekeze presha kwa beringi. Maji yanaingia, mafuta yanatoka, Novemba unanunua zingine. Jezi nazo chovya kwa ndoo nje kabla uzipeleke kwa mashini ya keja. Landlodi wangu ameshaniandikia barua kuhusu bomba la maji machafu.

Swali lenye naulizwa sana na mbogi ya nyumbani ni kama hii kitu inaeza fanyika Nairobi. Mashindano ya dunia ya krosi hayajawai kanyaga Afrika. Nje ya Ulaya yameenda Marekani tu, Louisville 2013 na Fayetteville 2022. Lakini Kigali ilibeba dunia ya lami Septemba 2025 na milima ikawatoa mapro jasho, na mbio za changarawe (gravo) za Maasai Mara zinaleta wazungu wakule vumbi tangu 2021. Talanta haijawai kuwa shida: Chris Froome alianzia kwa kocha David Kinjah huko Kikuyu kabla ashinde Tour mara nne. Na mvua za vuli zinaanza Oktoba, wakati uleule. Ngori ni moja. Ule udongo mweusi wa Embakasi haufanani na tope la huku. Tope la Flanders linateleza. Ule wetu unashika tairi, unashika breki, unajaza fremu, baada ya mita hamsini umebeba matofali. Mngetafuta udongo mwekundu wa upande wa Limuru. Huko, na mbao mbili na utepe wa manjano, sioni kitu inakosekana.

Kwa wale wako huku: tarehe 1 Novemba ni holide, na kuna krosi ya Koppenberg, pale Oudenaarde. Kilima cha mawe, pale pakali panafika asilimia 22, mapro wanakipanda lapu baada ya lapu. Kutoka Ghent ni treni fupi. Vaa gamboti, weka soksi mbili, fika mapema usimame upande wa juu. Na ubebe doo ya kiingilio, juu huku krosi haitazamwi bure.