Kupanda kwa Kipimajoto

Mwaka 2012, katika maonyesho ya kilimo ya jimbo la Alaska yanayofanyika mjini Palmer, kabichi moja lilipandishwa kwenye mizani likaonyesha kilo 62.7, uzito wa mtu mzima. Palmer iko kaskazini ya mbali, katika Bonde la Matanuska, ambako msimu usio na jalidi huchukua kama miezi mitatu na nusu. Mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 19 kwa siku, kwa hiyo jani lina muda mrefu wa kutengeneza chakula. Kazi ngumu ni kujua siku ya kuanza.

Mkulima wa Dodoma au Kitui husubiri mvua. Wa Palmer husubiri joto. Adui yake, jalidi, anajulikana vizuri na wakulima wa Makete na Kinangop. Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka hadi mabondeni, na kulipokucha majani ya viazi yamekuwa meusi. Ndani ya jani, barafu huanza kuganda katika nafasi zilizo baina ya seli. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli, zikakauka na utando wake ukachanika.

Kalenda za bustani za nchi za baridi hutaja tarehe ya jalidi ya mwisho, na wageni wengi huiamini kupita kiasi. Mara nyingi tarehe hiyo ni ya wastani tu: karibu nusu ya miaka yote, jalidi hupiga tena baada yake. Manufaa yake makubwa ni katika kuhesabu kurudi nyuma. Nyanya zinataka wiki 6 hadi 8 kitaluni, kabichi 4 hadi 6. Kama miche itahamishwa mwisho wa Mei, mbegu za nyanya huwekwa kwenye trei ndani ya nyumba mwishoni mwa Machi, nje kukiwa kungali na theluji. Wiki ya mwisho miche hutolewa nje saa chache kila siku, kivulini kwanza, ili izoee upepo na jua kali.

Kwa mbegu zinazopandwa moja kwa moja shambani, ningemshauri mtu anunue kipimajoto cha udongo kabla ya kununua mbolea. Huchomekwa kina cha sentimita 5 hadi 10 asubuhi, jua halijapasha ardhi, siku kadhaa mfululizo. Njegere na saladi huota hata udongo ukiwa nyuzi 5 za Selsiasi, ingawa polepole. Maharage hutaka 15 au zaidi. Harage kavu likifyonza maji baridi katika saa zake za mwanzo, utando wa seli zake huharibika na sukari huvujia udongoni. Kuvu waliomo humo huifuata sukari hiyo, na mbegu huoza kabla haijachipua. Ndiyo maana aliyesubiri wiki mbili zaidi huweza kuvuna mapema kuliko jirani yake aliyewahi.

Kisha kuna mwanga, ambao nao una saa yake. Spinachi halisi huhesabu urefu wa mchana: ukizidi takriban saa 14, huacha kuongeza majani na badala yake hutoa shina la maua. Palmer huvuka kiwango hicho mwezi Aprili, udongo ukiwa bado baridi, kwa hiyo mkulima hulazimika kuchagua aina zinazochelewa kuchanua. Ile mboga ya majani mapana inayouzwa kama spinachi katika masoko mengi ya Kenya na Tanzania ni jamii moja na bitiruti. Hiyo kwa kawaida huhitaji kupitia kipindi kirefu cha baridi ndipo ichanue, na huvumilia mchana mrefu vizuri zaidi.

Mwisho wa msimu nao huhesabiwa kwa kurudi nyuma, kuanzia jalidi ya kwanza ya Septemba. Figili ya siku 30 inaweza kupandwa hata mwisho wa Julai. Karoti huachwa ardhini makusudi: baridi inapozidi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, ambayo huzuia maji ya seli yasigande upesi, na zikichimbwa baada ya jalidi chache huwa tamu kuliko za Agosti.