Kitabu cha Wachumba: uzuri wake na upungufu wake



Wafratri wengine wa hapa Mbunya wanatuuliza: kitabu cha mapenzi chaweza kufaa roho ya mseminari? Tunajibu: vitabu si sawa vyote. Leo tupime kimoja, ambacho Papa Fransisko aliwashauri wachumba kukisoma, katika mafundisho yake ya tarehe 27 Mei 2015. Ni «I promessi sposi», ndiyo kusema Wachumba. Kwa Kifaransa «Les Fiancés». Mwandishi wake ni Alessandro Manzoni wa Milano (1785-1873). Alirudi katika dini mwaka 1810, akakitoa kitabu hiki mwaka 1827, kisha akaitengeneza lugha yake na kukitoa tena toka 1840 hadi 1842.

I. Habari yenyewe

Tuko mwaka 1628, katika nchi ya Lombardia, wakati wa utawala wa Wahispania. Renzo na Lucia wanangoja kufunga ndoa. Lakini bwana mkubwa mmoja, Don Rodrigo, anamtamani Lucia, tena amewekeana dau na binamu yake kwamba atampata. Jioni moja padri wa parokia, Don Abbondio, anarudi nyumbani na breviari mkononi. Askari wawili wa Rodrigo wanamzuia njiani na kumkataza kufungisha ndoa ile. Padri anaogopa, anatii. Toka pale taabu haziishi: wachumba wanakimbia usiku, wanatengana, Lucia anafichwa kwa masista wa Monza, sista mmoja anamtoa kwa adui, naye anatekwa na mwovu mkuu ambaye kitabu hakimtaji jina. Halafu vita, na tauni ya mwaka 1630.

II. Uzuri wake

Kwanza, mapenzi yake ni safi. Msomaji anashikwa na hofu na hamu ya kujua mwisho, wala hapati neno moja la kumchafua moyo.

Pili, toba ya yule mwovu haikuanguka kama mvua bila mawingu. Alikwisha kuchoka na maovu yake. Lucia, mfungwa wake, anamkumbusha huruma ya Mungu. Usiku hapati usingizi. Asubuhi anasikia kengele, anakwenda kwa Kardinali Federigo Borromeo, naye anampokea kwa mikono miwili. Katekista anayefundisha kitubio atapata mfano mwema hapa.

Tatu, kitabu hakifichi makosa ya watu wa Eklezia. Yule sista wa Monza, Gertrude, aliingizwa utawani kwa nguvu ya baba yake, ili mali ya jamaa isigawanyike. Wazazi wanaomsukuma mtoto seminarini wasome hapo. Padri Cristoforo, Mkapusini, aliua mtu katika ujana wake, akatubu, na sasa haogopi bwana yeyote. Don Abbondio hakuua mtu; alinyamaza tu. Lakini taabu zote za Lucia zilipita katika mlango ule aliouacha wazi. Kardinali alipomwuliza, alijitetea: alitishwa kuuawa, naye hakuzaliwa shujaa. Kardinali akamwuliza kwa nini hakumwomba Mungu nguvu, na kwa nini hakumwarifu askofu wake. Sisi wa Ituri, tuliopita vita ya 1999 hadi 2003, hatutamcheka upesi padri yule. Tunajua mtu mwenye bunduki njiani ni nini.

III. Upungufu wake

Kwanza, urefu. Kitabu kina sura 38, na mara nyingi mwandishi anawaacha watu wake njiani, anaeleza sheria na fitina za wakubwa. Msomaji mchovu aruke. Lakini asiruke sura za tauni. Watu wa Milano walisadiki kwamba kuna wapakaji wanaoeneza ugonjwa kwa mafuta yenye sumu. Renzo mwenyewe aliponea chupuchupu. Huku kwetu tauni inajulikana Mahagi na Rethy, na wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, uvumi uliwafanya watu kuwapiga waganga.

Pili, Lucia anasali, analia, anaona haya. Mawazo yake hatuyasikii sana. Mama wa Mbunya aliyeficha watoto wake porini atauliza: je, mwanamke huyu hana shauri lake?

Tatu, na hili ni kubwa. Rodrigo anakufa kwa tauni. Ndipo Don Abbondio anakubali kufungisha ndoa, hata anaisifu tauni kama ufagio. Msomaji wa haraka atasema: Mungu huleta ugonjwa kufagia adui zetu. Katika nchi yetu neno hilo ni sumu. Manzoni alilijibu, lakini kwa sauti ndogo: Padri Cristoforo alimpeleka Renzo mbele ya Rodrigo aliyekuwa akifa, akamwagiza amsamehe na kumwombea, kisha tauni ikamchukua Cristoforo mwenyewe. Basi ufagio ni teolojia ya padri mwoga, si ya kitabu. Mwalimu asikose kulionyesha.

IV. Shauri letu

Fratri akisome kwa Kifaransa. Katekista awasimulie wachumba kwa Kiswahili, vipande vipande. Akiishia pale Lucia anapofungiwa ngomeni, juma la pili watarudi wote. Na sisi mapadri tusome sura ya kwanza peke yetu, pole pole, kisha tufunge kitabu, tumwombe Mungu leo nguvu ambayo Don Abbondio hakuiomba, kabla hatujakutana na wale askari wawili njiani.