Kikatio cha duara

Kikatio cha duara ni kifaa cha jikoni kinachotumika kukata donge la unga lililosukumwa ili kupata vipande vya mviringo vyenye ukubwa sawa. Hutumika kutengeneza biskuti, donati, maandazi ya mviringo na vitafunio vinavyokunjwa na kujazwa nyama au mboga. Kwa kuwa kipenyo chake hakibadiliki, kifaa hiki hukata na kupima kwa wakati mmoja: kila kipande kinapata kiasi kilekile cha unga, mradi donge limesukumwa kwa unene mmoja.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hakuna kikatio cha dukani. Kazi yake hufanywa na glasi, kikombe cha bati, kifuniko cha chombo au kopo lililotolewa kitako.

Umbo na sehemu zake

Kikatio cha kawaida ni pete ya bati, chuma kisichoshika kutu au plastiki. Ukingo wa chini ni mwembamba ili upenye kwenye unga. Ukingo wa juu umekunjwa au umewekewa mshikio ili usiumize mkono. Kimo chake hakina budi kuzidi unene wa donge, la sivyo unga hubanwa na kunata.

Kuna aina kadhaa:

- Pete moja, ambayo hukata duara lisilo na tundu.
- Pete mbili zilizounganishwa, kubwa na ndogo, ambazo hukata donati pamoja na tundu lake la katikati.
- Seti ya pete za vipenyo mbalimbali zinazoingiana.
- Gurudumu la kukatia, ambalo huviringishwa juu ya donge na kukata vipande vingi mfululizo. Aina hii hupatikana zaidi kwenye viwanda vya mikate.

Asiye na kikatio cha donati hutumia glasi kwa duara la nje na kizibo cha soda, chenye kipenyo cha sentimita 3 hivi, kwa tundu.

Historia

Kukata unga kwa mdomo wa chombo ni jambo la kale katika nchi nyingi, nalo halina mwanzilishi anayejulikana. Huko Liguria, Italia, tambi za duara ziitwazo corzetti hukatwa kwa muhuri wa mti: upande mmoja una ukingo wa kukatia, upande mwingine umechongwa nakshi.

Katika karne ya 19 mafundi wa Marekani walianza kusajili hataza za vikatio. John Blondel alipata hataza ya kikatio cha donati mwaka 1872. Alexander P. Ashbourne, Mmarekani mweusi, alipata yake ya kikatio cha biskuti mwaka 1875.

Katika upishi wa Waswahili njia za zamani hazikuhitaji kikatio. Chapati hukatwa matonge kwa mkono, kisha kila tonge husukumwa peke yake juu ya kibao mpaka liwe duara. Mahamri husukumwa duara moja kubwa, kisha hugawanywa kwa kisu vipande vinne. Manda za sambusa nazo hukatwa kwa kisu. Njia hizo zote hazibakizi makombo ya unga. Kikatio kilienea pamoja na biskuti na donati, ambazo umbo lake haliwezi kupatikana kwa kisu kwa urahisi.

Namna ya kutumia

1. Donge lililokandwa huachwa lipumzike, angalau dakika 15. Ngano ina protini iitwayo gluteni ambayo hujivuta kama mpira. Donge lisilopumzika hurudi nyuma baada ya kukatwa, na duara huwa yai.
2. Donge husukumwa kwa unene mmoja. Njia rahisi ni kuweka vijiti viwili vya unene sawa, kimoja kila upande wa donge, na kupitisha mti wa kusukumia juu yake.
3. Ukingo wa kikatio huchovywa kwenye unga mkavu ili usinate.
4. Kikatio hushindiliwa wima mpaka kiguse kibao. Hakizungushwi. Kukizungusha hubana kingo za donge, na kipande chenye hamira au baking powder huumuka upande mmoja.
5. Makombo yanayobaki hukusanywa, hupumzishwa tena na kusukumwa. Vipande vya mara ya pili huwa vigumu kidogo, kwa hiyo wapishi wengi hujitahidi kupunguza makombo tangu mwanzo.

Vipande vyenye ukubwa sawa huiva kwa pamoja. Vikitofautiana, vidogo huungua kwenye mafuta wakati vikubwa bado ni vibichi ndani.

Hesabu ya duara

Eneo la duara hupatikana kwa kuzidisha nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, kisha kwa 3.14. Kwa hiyo eneo halikui sambamba na kipenyo: kipenyo kikiongezeka mara 2, unga unaotumika huongezeka mara 4. Kwa donge la unene mmoja, uwiano ni huu:

- Kipenyo sm 5: eneo sm² 19.6, sawa na asilimia 39 ya duara la sm 8
- Kipenyo sm 6: eneo sm² 28.3, asilimia 56
- Kipenyo sm 7: eneo sm² 38.5, asilimia 77
- Kipenyo sm 8: eneo sm² 50.3, asilimia 100
- Kipenyo sm 10: eneo sm² 78.5, asilimia 156

Tofauti ya sentimita 1 kati ya glasi mbili ni vigumu kuitambua kwa macho. Hata hivyo duara la sm 7 lina unga pungufu kwa karibu robo kuliko la sm 8.

Mpangilio wa kukata nao una hesabu yake. Duara zikipangwa kwa safu zilizonyooka, kila moja chini ya mwenzake, hutumia asilimia 78.5 ya donge. Zinazobaki ni makombo. Safu zikipishana, duara la safu ya pili likikaa kwenye pengo la safu ya kwanza, asilimia inaweza kufika karibu 90.7 kwenye donge kubwa sana. Kwenye donge dogo, kingo huharibu faida hiyo. Kwa mfano, donge la mraba wa sm 40 kwa 40:

- kwa kikatio cha sm 5, safu zilizonyooka hutoa vipande 64, zinazopishana 68;
- kwa kikatio cha sm 8, safu zilizonyooka hutoa vipande 25, zinazopishana 23.

Kanuni ya kufuata ni kwamba safu za kupishana zinafaa pale duara ni dogo ukilinganisha na donge. Duara likiwa kubwa, ni bora kunyoosha safu.

Kikatio, bei ya ngano na sarafu

Msowero ni kata ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, kwenye barabara ya Dumila–Kilosa. Kama ilivyo katika maeneo mengi ya tambarare ya wilaya hiyo, mazao yanayozoeleka ni mahindi na mpunga. Ngano hustawi penye baridi, kama vile nyanda za juu za kusini na wilaya za Hanang na Karatu, ambako Hanang ilianzishiwa mashamba makubwa ya ngano miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Hata hivyo sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nchi za nje. Kwa hiyo anayekaanga donati au maandazi kijijini huweza kulima chakula cha nyumbani, lakini unga wa biashara yake ananunua dukani kwa bei inayoamuliwa mbali. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, kwani nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa wa nafaka hiyo.

Vitafunio vya barabarani na vya shuleni huuzwa kwa sarafu. Sarafu zinazotumika zaidi Tanzania ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Unga ukipanda kwa asilimia 20, muuzaji wa andazi la shilingi 100 hawezi kwa urahisi kuliuza shilingi 120, kwa sababu chenji haipatikani. Ana njia tatu: kupunguza faida, kurukia bei ya sarafu inayofuata, au kupunguza ukubwa. Njia ya tatu ndiyo nyepesi, na hapo ndipo kikatio kinapoingia. Ili kurudisha matumizi ya unga mahali yalipokuwa baada ya bei kupanda kwa asilimia 20, duara la sm 8 linatakiwa kushuka hadi sm 7.3 tu.

Mfano wa hesabu: kilo 1 ya unga, pamoja na maji, sukari na mafuta, inaweza kutoa donge la kilo 1.6 hivi. Donati ya sm 8 yenye tundu la sm 3 na unene wa sm 1 ina uzito wa gramu 50 hivi kabla ya kukaangwa, nazo zitatoka donati kama 32. Kwa kikatio cha sm 7 na tundu lilelile, kila moja ina gramu 36 hivi, nazo zitatoka kama 44. Zikiuzwa shilingi 100 kila moja, mapato ya donge lilelile hutoka shilingi 3,200 hadi 4,400. Mnunuzi anatoa sarafu ileile na kupata unga pungufu kwa zaidi ya robo.

Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukagua mizani na vipimo vya biashara nchini Tanzania. Lakini kitafunio kinachouzwa kwa kipande hakiwekwi kwenye mizani mbele ya mnunuzi, na kipimo pekee ni jicho lake. Kwa muuzaji mwenyewe kikatio kisichobadilika ni ulinzi: anajua kilo moja inatoa vipande vingapi, anaweza kugundua hasara mapema, na wateja hawagombanii kipande kikubwa.

Kutengeneza kikatio

Fundi bati au mwanafunzi anaweza kutengeneza kikatio kwa ukanda wa bati safi. Urefu wa ukanda ni kipenyo mara 3.14, na kuongeza sentimita 1 ya kupandishia mwisho mmoja juu ya mwingine. Kwa kikatio cha sm 7: 7 × 3.14 ni sm 22, kwa hiyo ukanda uwe na urefu wa sm 23. Upana wa sm 4 unatosha. Ukingo wa juu hukunjwa nje, na maungio hufungwa kwa ribiti.

Kikombe au glasi ya nyumbani hupimwa kwa uzi: uzi huzungushwa mdomoni, hunyooshwa kwenye rula, na urefu wake hugawanywa kwa 3.14 ili kupata kipenyo.

Usalama

Kopo la kutengenezea kikatio liwe lililokuwa na chakula, kama maziwa ya unga au nyanya. Makopo ya viuatilifu vya shambani, rangi au mafuta ya mitambo hayafai hata yakioshwa kwa maji ya moto na sabuni, kwani mabaki ya sumu yanaweza kubaki kwenye maungio na mikwaruzo. Onyo hili ni la maana zaidi katika maeneo ya kilimo, ambako makopo ya dawa hupatikana kwa wingi.

Lehemu ya kawaida inaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Ndiyo sababu ribiti au kukunja bati hupendelewa. Kikatio chenye kutu hutupwa. Kile kizima huoshwa mara baada ya kazi, kabla unga haujakauka, kisha hukaushwa kabisa. Glasi yenye ufa isitumike, kwa kuwa chembe ya kioo kwenye donge haionekani.

Tazama pia

- Andazi
- Chapati
- Donati
- Ngano
- Sambusa
- Wilaya ya Kilosa